Kisu cha moto kikikataa kukata, usikikandamize

Kisu cha moto cha umeme kinakata kanda, kamba na vitambaa vya plastiki kwa joto. Hakina makali ya maana, na nguvu za mkono hazikisaidii chochote. Nayataja haya mapema kwa sababu hasara nyingi kwenye vibanda vya mabegi, mahema na mapazia hapa Nairobi huanzia pale joto linapopungua kwenye bapa, na fundi, badala ya kutafuta limepotelea wapi, anaongeza kukandamiza. Bapa linapinda, mkono unateleza, na ukanda unatoka na ukingo mgumu utakaokuja kukata uzi wa mshono. Kisha anaongeza moto, na kibanda kinajaa moshi.

Visu hivi viko vya aina mbili, na havitumiki sawa. Kile chenye umbo la kalamu kina koili ndani inayopasha bapa, wati 30 hadi 60 hivi, na huchukua dakika kadhaa kupata joto. Hicho kinavumilia kukaa kimewashwa. Chenye umbo la bastola kina transfoma inayoshusha volti 240 za ukutani hadi volti chache sana, na mkondo mkubwa unapita kwenye bapa lenyewe. Ukibana kifyatulio, sekunde chache tu bapa liko tayari. Lakini transfoma hiyo haiwezi kazi ya mfululizo. Soma kibandiko chake: kikisema asilimia 20, basi katika kila dakika unabana sekunde 12, na zile 48 zinazobaki unakiacha kipoe. Wapo wanaofunga kifyatulio kwa mpira ili kidole kisichoke. Vanishi inayotenganisha nyaya za transfoma huungua kwa namna hiyo, na ukishasikia harufu kali ikitoka ndani ya mpini, uharibifu umeanza na haurudi nyuma.

Vingi vinakuja na plagi ya pini mbili za mviringo. Tafadhali usitumbukize kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili zile mbili ziingie. Pini hazishiki vizuri, zinacheza, zinatoa cheche, na soketi inayeyuka taratibu bila mtu kuona. Badilisha plagi, weka ya pini tatu yenye fyuzi, na fyuzi yenyewe iwe ya ampea 3, si ile ya 13 inayokuja ndani. Kisu cha wati 100 kinavuta chini ya nusu ampea, kwa hiyo fyuzi ya 13 itaacha waya uungue kabla haijakatika. Maduka ya barabara ya Luthuli, katikati ya Nairobi, yanauza plagi na fyuzi hizo. Kama kisu ni cha mitumba kutoka Marekani na kimeandikwa volti 120, usikichomeke kabisa bila transfoma ya kushusha umeme.

Sasa, joto linapotea wapi? Kwenye kile cha bastola, mara nyingi ni kwenye skrubu mbili zinazoshika bapa. Chuma hupanuka kikipata moto na kunywea kikipoa, na kila mzunguko huo unalegeza skrubu kidogo. Pale penye mgusano panaota ukoko mweusi unaozuia umeme. Dalili yake ni rahisi kuitambua: bapa ni vuguvugu, lakini mikono miwili ya chuma inayolishika ina moto kupita kiasi au imebadilika rangi. Joto linazalishwa mahali pasipotakiwa.

Chomoa plagi. Usiamini swichi ya ukutani peke yake, wala usiamini kwamba stima imepotea, maana itarudi ukiwa umeshika bapa. Subiri kama dakika kumi na tano. Fungua skrubu, toa bapa, kisha sugua masikio yake, yaani ncha zinazobanwa na skrubu, na nyuso za ile mikono kwa msasa laini, namba 400 au karibu na hapo, hadi chuma king'ae. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu na usipake grisi wala mafuta. Unapokaza, shika ule mkono kwa koleo ili usiupinde, kwa kuwa unaingia moja kwa moja kwenye transfoma. Bapa likiwa jipya, lipashe moto mara chache, liache lipoe kabisa, halafu kaza tena. Watu wengi huruka hatua hii ya mwisho, na wiki hiyo hiyo wanalalamika kwamba bapa walilouziwa ni bovu.

Mahali pengine joto linapofia ni kwenye masizi. Plastiki iliyoyeyuka hugeuka kaboni, na kaboni hiyo inalifunika bapa kama blanketi. Achia kifyatulio, na bapa likiwa bado na joto lisugue kwa brashi ya waya wa shaba yenye mpini wa mbao, ukielekeza mkono mbali na mwili. Fanya hivyo baada ya kila mikato michache, kabla ukoko haujakomaa. Tupa, ile ya kunolea chuma, inatia kishawishi, lakini iache. Ukipunguza unene wa bapa mahali pamoja, hapo ndipo umeme utabanwa, patawaka kuliko pengine na patakatika. Wala usilizamishe kwenye maji ili lipoe haraka: litapinda, na maji yataingia kwenye mpini.

Kuna pia umeme wenyewe. Volti zikishuka kwa asilimia 10, joto linashuka kwa karibu asilimia 19, kwa sababu linafuata mraba wa volti. Ukiona taa zinafifia kila jirani anapowasha mashine ya kulehemu, bapa nalo linapoa wakati huo. Subiri amalize.

Kuhusu kukata kwenyewe, lenga kuyeyusha, si kuunguza. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi 160 hadi 165 za Selsiasi, nailoni kwenye 220 au 260 kutegemea aina, na polista kwenye 250 hadi 260. Bapa linalowaka jekundu limepita nyuzi 500, na hapo linachoma tu. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Ukanda wa begi wa inchi moja unatakiwa uachane kwa sekunde moja au mbili, ukiwa umeuvuta ukakaza, na bapa likiteremka kwa uzito wake bila kwenda mbele na nyuma kama msumeno. Ukienda haraka mno, nyuzi za katikati zinabaki hazijashikana. Ukichelewa, plastiki inajikusanya ukingoni na kuwa ule mdomo mgumu. Tenganisha vipande mara moja, kwani vikibaki vimegusana vinaungana tena.

Kwa kamba ya plastiki, zungushia selotepu ya karatasi pale unapokata, pitisha bapa katikati ya selotepu, kisha laza ubavu wa bapa kwenye ncha hadi ifunge. Usiifinyange ncha kwa vidole hata kama inaonekana imeshapoa.

Chini weka kigae cha kauri au kioo kinene. Mbao huungua na kutoa moshi wake, na bati hunyonya joto la bapa.

Si kila kitu kinafaa. Pamba haiyeyuki, inaungua. Sponji ya godoro ni poliurethani, na moshi wake una sumu mbaya, hivyo tumia kisu kirefu cha mkate chenye meno. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni reksini na turubai za malori, kwa kuwa nyingi zimepakwa PVC, plastiki yenye klorini. PVC ikipashwa moto hivi hutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni, inayounguza macho na mapafu na kutia kutu hata kisu chenyewe. Kama huna uhakika, toka nje, pasha waya mtupu wa shaba kwenye moto wa gesi hadi uwe mwekundu, uguse kwenye kitambaa, kisha uurudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kuna klorini: chukua mkasi.

Hata nailoni na polista zinahitaji hewa. Mwezi wa Julai watu hufunga mlango na dirisha kwa baridi, na kibanda cha mabati kinabaki na moshi siku nzima. Fungua pande mbili, weka feni ubavuni isukume moshi nje, na ujue kwamba barakoa ya kitambaa haizuii gesi.

Gundi ya kubandikia viatu na mabegi ina vimiminika vinavyoshika moto upesi, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo unatambaa mezani na sakafuni. Usiwashe kisu chumba kimoja na kopo lililo wazi. Kata vipande vyote asubuhi, chomoa kisu, kisha ndipo ufungue gundi.

Mtu akiungua, mvue pete na saa, na umwagie maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Nailoni iliyoganda kwenye ngozi usiibandue, maana ngozi itatoka nayo. Dawa ya meno, siagi na ute wa yai havina kazi hapo. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, na umpeleke hospitali ikiwa kidonda kinazidi kiganja chake, kiko usoni, mkononi au kwenye kiungo, au kimekuwa cheupe na hakiumi. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina kitengo cha majeraha ya moto.