Meza nne kwenye laptopu moja: Alhamisi yangu

Saa 11 alfajiri. Baridi ya Julai huku kwetu miteremkoni mwa Kilimanjaro haina adabu, inaingia hadi ndani ya soksi. Nasali, nabandika chai, nasubiri maziwa yachemke, ndipo nawasha laptopu. Siku niliyotanguliza laptopu maziwa yalizima jiko, na Mama Mchungaji hajasahau.

Natumia Logos, programu ya kujifunza Biblia ambayo toleo lake la kwanza lilitoka Marekani mwaka 1992. Nimeiagiza isifungue kitu chochote inapowaka. Zamani ilinirudishia madirisha yote ya jana, thelathini na kitu, nami nikawa naanza siku kwa kufagia. Sasa naikuta tupu, halafu nachagua meza.

“Meza” ni neno langu. Programu yenyewe inasema leiauti: unapanga madirisha unavyotaka, unayahifadhi pamoja kwa jina moja, na siku nyingine ukibonyeza jina hilo yote yanarudi mahali pake. Nilijaribu kuiita “mpangilio”, lakini kila nilipomweleza mwinjilisti wangu alikwenda kwenye mipangilio ya simu, pale pa kubadilisha mlio. Basi tukakubaliana meza. Ninazo nne: Jumapili, Msiba, Kipaimara na Jumuiya.

Saa 12 na nusu. Meza ya Jumapili. Somo ni Luka 10, Msamaria mwema, hadithi ambayo waumini wanaijua kiasi kwamba ukiikosea watoto watakusahihisha. Kushoto ipo Luka kwa Kigiriki, kando yake tafsiri moja ya Kiingereza, chini kitabu cha ufafanuzi. Hayo matatu nimeyaunganisha kwa herufi A, nikisogea mstari mmoja yote yanasogea. Kulia yapo Mambo ya Walawi na Kumbukumbu la Torati, nimeyapa herufi B, kwa sababu mwanasheria wa mstari wa 27 ananukuu Torati na sitaki Torati ikimbie kila nikigeuza ukurasa wa Luka. Biblia ya Kiswahili, Union Version, iko kwenye meza halisi, ile ya mbao: ya karatasi, jalada limeshikwa na gundi. Mahubiri yatasikiwa kwa Kiswahili hicho, kwa hiyo nataka kukishika kwa mkono.

Saa 2. Nimekwama mahali pazuri. Mstari wa 33 unasema Msamaria “alipomwona alimhurumia”. Kitenzi cha Kigiriki ni splanchnizomai, kimetoka kwenye neno la viungo vya ndani: moyo, maini, utumbo. Mbona tunakijua! Kwetu pia jambo likiuma sana linakata maini. Naomba programu initafutie kitenzi hicho popote kilipo katika Agano Jipya. Majibu 12, yote katika Mathayo, Marko na Luka. Nayaacha wazi kwenye dirisha la pembeni, nakunywa chai ya pili.

Saa 4 kasorobo simu inalia. Mzee wa usharika.

“Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji.”

“Amina, Mzee. Habari za kwako?”

“Si nzuri. Babu yetu wa kule juu ametutoka usiku. Familia inaomba ufike leo, mazishi wanasema Jumamosi.”

Marehemu alikuwa na miaka 84. Ndiye aliyenionyesha, mwaka wa kwanza nilipohamia hapa, njia ya mkato ya kwenda mtaa wa juu bila kuvuka mto. Nilikaa kimya kidogo.

Hapo ndipo nilipaswa kufunga Jumapili na kufungua meza ya Msiba. Iko tayari siku zote: Zaburi 90, Yohana 14, 1 Wakorintho 15, 1 Wathesalonike 4, na daftari la maneno niliyokwisha kusema kwenye mazishi mengine, ili nisiihubirie familia moja kitu kilekile mara mbili. Lakini akili yangu ilikuwa kwa mzee. Nikaanza kufunga dirisha mojamoja na kufungua mengine papo hapo. Torati ikaondoka, Zaburi ikaingia. Ufafanuzi wa Luka ukaondoka, Wakorintho wakaingia. Halafu mkono, kwa mazoea tu, ukahifadhi mabadiliko kwa jina lililokuwepo. Jumapili ikawa msiba.

Sikugundua. Nilikuwa nimeshaanza kuandika, umeme ukakatika saa 5, betri ikabaki na asilimia 40, nikawa naandika huku jicho moja liko kwenye kona ya kioo.

Kile nilichokigundua ni kwamba dirisha la majibu 12 lilibaki pale pembeni, sikulifunga. Nikiwa natafuta la kumwambia mjane, macho yakaangukia Luka 7:13. Naini, Yesu anakutana na mazishi ya kijana, mama yake analia. “Bwana alipomwona alimwonea huruma, akamwambia, Usilie.” Kigiriki ni kitenzi kilekile cha Msamaria. Nilitamani kulichukua somo hilo kwa Jumamosi, na dakika kumi nzima nilidhani nimepata mahubiri. Kisha nikaliacha. Wa Naini alikuwa mwana pekee wa mama mjane, kijana. Babu huyu ameacha watoto saba na wajukuu ambao yeye mwenyewe alikuwa akikosea hesabu yao. Mtu aliyeshiba siku usimzike kwa somo la kijana. Nikarudi Zaburi 90.

Saa 8 hadi saa 12 jioni nilikuwa msibani, na laptopu ilibaki nyumbani. “Shikamoo, bibi. Pole sana.” “Marahaba, Mchungaji. Tumeshapoa.” Tukaketi. Hakuna zaidi la kueleza kuhusu saa hizo, tuliketi. Jumuiya ya jioni tuliifanya palepale, kwa hiyo meza ya Jumuiya, yenye Waraka wa Yakobo, haikufunguliwa wiki hii.

Saa 3 usiku umeme umerudi. Nafungua Jumapili, anakuja Zaburi 90. Nilihisi kijasho. Bahati nzuri Logos hujihifadhia yenyewe, unapoendelea na kazi, hali ya madirisha yako na saa yake, hata kama hukuiagiza. Nikashuka kwenye orodha hadi iliyoandikwa 9:40, saa za Kizungu, dakika chache kabla ya simu. Nikabonyeza. Walawi wakarudi kulia, Luka kushoto, A na B kama nilivyowaacha.

Safari hii dirisha la majibu nililisogeza karibu. Nikayasoma matatu ya Luka pamoja: 7:13, Bwana alimwona mjane, 10:33, Msamaria alimwona majeruhi, 15:20, baba alimwona mwanawe angali mbali. Kila mara kuona kunatangulia, ndipo maini yanakatika. Nikapanda juu kidogo hadi mstari wa 31. Kuhani naye, “na alipomwona alipita kando”. Mlawi vilevile. Kumbe wote watatu waliona! Hilo ndilo la Jumapili, na nisingelipata kama asubuhi ningebadilisha meza kwa ustaarabu.

“Baba, chakula kinapoa,” Mama Mchungaji ameita mara ya pili.

Nikaihifadhi kwa jina jipya, Jumapili ya Msamaria. Ile iliyoharibika nikaifuta, maana Msiba halisi ipo, na kesho asubuhi nitaanzia hapo.