Mwaka huu maigizo yetu tunayacheza mbalamwezi

Mwakeye watu wangu! Nimekuwa kimya muda mrefu, sababu ni moja tu, mazoezi. Kila jioni nikifunga duka naenda moja kwa moja kiwanjani Katonga, narudi nyumbani saa nne nimechoka hata simu siishiki. Ila sasa ratiba imepita, kikundi kizima kimeikubali, kwahiyo leo naiandika yote. Kuanzia Juni mpaka Septemba tunacheza michezo minne hapa Kigoma, mitatu ya kuigiza na mmoja wa kuimba mwanzo mwisho, na yote inachezwa Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu.

Ngoja nianze na hiyo mbalamwezi maana ndo inayonifurahisha kuliko vyote.

Miaka mitano kikundi chetu kimekuwa kinacheza Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikishatoka, ukumbini mjini, kiingilio elfu tatu. Watu walikuwa wanakuja, walimu, watu wa maofisini, wageni wanaosubiri usafiri. Lakini mimi ni mtoto wa mvuvi. Baba yangu anavua dagaa tangu mimi sijazaliwa na miaka yote hiyo hakuwahi kuniona jukwaani hata mara moja, siyo kwamba hataki, yuko ziwani! Ukumbi ule ulikuwa na dirisha upande wa ziwa, nikiwa nasubiri zamu yangu ya kuingia nilikuwa naziona taa zao kule mbali, nazihesabu, najiuliza ya baba ni ipi.

Kwa mtu wa mbali asiyejua, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa inamulika maji, dagaa wanajikusanya kwenye mwanga, wavu unashushwa unavutwa. Sasa mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, dagaa hana haja ya kuifuata taa yako, wanatawanyika tu. Ndo maana wavuvi wana giza, wanaingia ziwani, halafu wana mbalamwezi, siku kadhaa wako nchi kavu wanashona nyavu, wanaziba maboti, wanalala nyumbani kwao. Mtoto wa Katonga, Kibirizi au Ujiji anaijua kalenda hiyo kabla hajaijua ya ukutani. Na bado miaka mitano hakuna hata mmoja wetu, na mimi mwenyewe nikiwemo, aliyesimama kwenye kikao akasema jamani tuwafuate watu siku ambazo wapo.

Kilichotufumbua macho ni 2024, ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Ilikuwa miezi migumu siwezi kuipamba, nyumbani tulikuwa tunakula kwa hela ya duka langu tu na duka lenyewe wateja wake ni hao hao wavuvi. Lakini Jumamosi moja baba akavaa shati lake la Idi akaja ukumbini, akakaa nyuma karibu na mlango. Mchezo umeisha, hasemi kitu, tumetembea wote mpaka nyumbani kimya, tunafika mlangoni ndo ananiuliza, "Mama, hii kazi yenu mnaifanyaga giza kwa nini? Mbalamwezi si tupo tu?"

Nikakosa jibu kabisa. Nikalibeba hilo swali hivyo hivyo mpaka kwenye kikao.

Halikupita kirahisi. Wenzangu waliogopa hela, mwisho wa mwezi ndo watu wana hela, na ni kweli kwa mtu wa mshahara, ila kwetu nyumbani mgao wa boti unapigwa giza likiisha, yaani mbalamwezi ndo mvuvi ana elfu moja mfukoni na muda wa kukaa. Tukabishana vikao vitatu. Mwisho tukaachana na ukumbi, mzee mmoja Katonga akatupa kiwanja chake kinachoshukia ziwani, na kiingilio tukakishusha mpaka elfu moja, watoto bure. Halafu likaja jambo ambalo hatukulitegemea kabisa: taa. Mbalamwezi zile taa za kuvulia zinakaa bure ndani! Wenye maboti wanne wametukubalia tutumie za kwao, tumeshazijaribu wiki iliyopita, tumezifunga juu ya nguzo za mianzi pande mbili za jukwaa, aisee nyuso zinaonekana vizuri mpaka kwa aliyekaa mwisho kabisa, na umeme ukikatika sisi hatuna habari.

Tunaanza saa mbili na nusu usiku. Kama umezoea Dar utaona ni usiku sana ila huku magharibi jua letu linazama karibu saa moja, halafu tunasubiri watu waswali isha kwanza.

Juni tunafungua na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Wengi tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tukaiacha huko huko, na inaniuma, maana ule mchezo ukisikia watu wanausema kwa mdomo ni kitu kingine kabisa. Unaanza na wanawake wawili wanazungumzia njaa na shida, mimi ni mmoja wao, Bi Kitunda, na kila tukirudia onesho hilo nawakumbuka mama zangu wa hapa ile miezi ya ziwa kufungwa, sihitaji kuigiza sana. Halafu Kinjeketile, yule mganga wa Vita vya Maji Maji, anachukuliwa majini, watu wanangoja, wanajua amekufa, anatoka mzima nguo zake kavu. Muongozaji wetu mwanzoni alitaka mwigizaji aingie ziwani kweli maana maji yapo hatua ishirini tu kutoka jukwaani, tulipenda wote lile wazo mpaka mtoto mmoja wa kikundi akauliza, sasa akitoka si atakuwa amelowa? Kweli bwana. Kwahiyo tunatumia kitenge cha bluu kirefu, watoto wawili wanakitikisa, yeye anapita chini yake, na nyuma yake unaliona ziwa lenyewe linameta kwa mwezi. Vita hivyo, 1905 mpaka 1907, vilipiganwa mbali sana na huku, kule Rufiji, Matumbi, Songea, lakini mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa maana ya maji.

Julai ni Juliasi Kaizari, ile aliyotafsiri Mwalimu Nyerere mwenyewe kutoka kwa Shakespeare. Alitoa tafsiri ya kwanza 1963 akiwa rais, halafu akairekebisha ikatoka tena 1969, hebu fikiria nchi changa, kazi zote zile, na bado mtu anakaa na mstari wa mashairi mpaka ukae sawa. Na Mwalimu alisoma Tabora, akafundisha Tabora, hapo hapo kwenye reli yetu, mimi namuona kama jirani. Huu tumeupunguza kidogo kwa sababu ni mrefu. Ile sehemu ya msiba wa Kaizari, Antonio anapowageuza watu kwa maneno tu, raia wa Roma tutawakalisha katikati yenu kwenye mikeka, kwahiyo jirani yako akisimama ghafla anapiga kelele usishtuke.

Agosti ndo ule wa kuimba, na huu ni wetu wenyewe, tumeutunga mwaka mzima. Ni habari ya Liemba. Nimezaliwa naiona ile meli lakini historia yake sikuwahi kuijua vizuri mpaka tulipoanza kutunga. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar, kisha kwa reli ambayo ilikuwa imefika Kigoma 1914 tu hapo. Ikaunganishwa hapa hapa, ikaingia majini 1915 kwa jina la gavana wa Kijerumani, Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wanakimbia, wakaizamisha wenyewe, ila mainjinia wake waliipaka injini grisi nzito kwanza ili isioze. 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikaanza kazi upya, ikaitwa Liemba, jina la zamani la ziwa letu hili.

Hatuna meli jukwaani. Waimbaji ishirini na wawili ndo meli, kila mmoja ana sanduku, wanaingia wanaimba wimbo wa wapagazi, wanapangana taratibu mpaka unaiona imesimama mbele yako. Kuna nyimbo za Kiha, kuna ngoma, kuna wimbo mmoja wa grisi ambao ule mimi naupenda hadi nauimba dukani, fundi anaagana na injini kama anamfunika mtoto anayelala. Watu wanasema Kigoma ni mji wa waimbaji, wanawataja kina Diamond, Alikiba na Mwasiti kwamba asili yao ni huku, sawa, na mimi nawaambia njooni msikie sauti ambazo hazijaondoka.

Septemba tunafunga na Nguzo Mama ya Penina Muhando, 1982, wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo yao na haisimami. Wanaocheza asilimia kubwa ni akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, na nguzo ni mlingoti wa kweli, mzito. Mazoezi yao ni saa tisa alasiri, dagaa wakishakauka.

Kuja: shuka Katonga, fuata mwanga, njoo na mkeka wako maana viti ni vya wazee tu. Migebuka ya kuchoma ipo mlangoni, chai ya tangawizi ipo.

Kitu cha mwisho. Ile sehemu ya kuiibua Liemba kutoka majini, kuvuta kamba, sisi waigizaji tulikuwa tunaivuta ovyo, kila mtu na nguvu zake. Mwezi uliopita baba alipita mazoezini, akasimama akatuangalia, akamwita mwenzake, wakashika kamba, wakaanza kuimba ule wimbo wao wa kuvutia wavu, na kamba yote ikaenda pamoja. Sasa wako watano, wavuvi kabisa, wamo kwenye mchezo, Agosti baba yangu atakuwa jukwaani na mimi. Jana kaniambia kamba tuliyonunua ni nyembamba mno kwa meli kubwa vile, kesho analeta ya kwake.