Vidonge nilivyoanza kumeza kabla ya mimba

Mimba yangu ya kwanza niliipeleka kliniki ikiwa na miezi minne, kama wafanyavyo wengi wetu hapa Mombasa, na nesi aliponipa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki niliona nimewahi. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba mfereji wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga katika siku 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati ambao mwanamke ndiyo kwanza anaanza kuhesabu siku zilizompita. Usipojifunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, na asidi ya foliki ndiyo husaidia ujifunge.

Kwa hiyo tulipotaka mtoto wa pili nilianza miezi mitatu kabla. Nilielekezwa kumeza mikrogramu 400 za asidi hiyo kila siku, mpaka wiki ya 12 ya mimba. Duka la dawa la kwanza nililoingia walinipa vya miligramu 5 bila kuniuliza neno. Hicho ni kipimo kinachozidi changu zaidi ya mara 12, ambacho daktari humwandikia, kwa mfano, mwanamke aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi. Nilivirudisha, na tangu hapo husoma maandishi ya pakiti kabla ya kulipa.

Kugumu kulikuwa nyumbani. Mavyaa, ambaye twakaa naye Majengo, aliviona vidonge kwenye kabati la vyombo, akanyamaza siku mbili, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huna mimba, wameza nini?" Nilijua anachowaza: kwamba napanga uzazi kwa siri na kumnyima mjukuu. Nilimletea pakiti, nikamsomea, nikamwambia, "Mama, huyo mjukuu ndiye ninayemwandalia." Aliigeuza geuza mkononi kwa muda mrefu. Tokea usiku huo, kila tukimaliza kula, yeye ndiye aliyekuwa akiniuliza, "Ushameza?"

Chakula sikukiacha nyuma. Mbaazi na kunde zina foliki nyingi, na mchicha pia, ila niliacha kuuchemsha sana na kumwaga maji yake, maana foliki huyeyukia majini na moto huiharibu. Hata hivyo mboga peke yake ni vigumu kutosheleza kipimo cha kila siku, ndiyo maana sikuacha vidonge.

Mimba ilipoingia, kliniki walinipa vile vilivyochanganywa na madini ya chuma. Asubuhi vilinichafua moyo, nikavihamishia usiku baada ya chakula, kwa maji wala si kwa chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo kuingia mwilini. Choo kilikuwa cheusi. Nesi alikuwa amenitahadharisha, sikushtuka.

Mwaka huu wifi yangu ameposwa. Mavyaa ndiye aliyenituma nimpeleke kliniki akaulizie vidonge, na harusi bado miezi miwili.