Kengele za Balangiga na maombi ya miaka 117

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii ya Majilio naomba tukae na stori ya kengele tatu za kanisa moja la kijijini huko Ufilipino, mahali panaitwa Balangiga, kisiwa cha Samar, watu wa bahari na minazi kama ndugu zetu wa Pwani, parokia yao ni ya Mtakatifu Laurenti shahidi. Somo letu ni Ezra sura ya 1, isome kwanza yote, ni fupi sana, halafu urudi hapa.

Kengele ya zamani kati ya hizo tatu ni ya mwaka 1853. Sisi tuliokulia vigangoni tunajua kengele inavyoshika maisha ya watu, hata kama ni rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwembe na katekista anaigonga na chuma, ikilia asubuhi unajua ni misa, ikilia saa ambayo siyo ya misa moyo unashtuka, kuna mtu ameondoka. Watu wa Balangiga nao waliishi hivyo, walibatizwa na kuzikwa kwa sauti ya zile kengele.

Sasa mwaka 1898 Marekani iliichukua Ufilipino kutoka kwa Wahispania, wenyeji wakakataa, vita ikawaka. Agosti 1901 kombania moja ya wanajeshi wa Kimarekani ikaja kukaa Balangiga. Mambo yakaharibika haraka, wanaume wa kijiji wakakusanywa kwa nguvu wafanye usafi, usiku wanalazwa wamebanana kwenye mahema, na chakula walichokuwa wameweka akiba kikachukuliwa na kuharibiwa. Tarehe 28 Septemba asubuhi wanajeshi wako kwenye kifungua kinywa, mkuu wa polisi wa kijiji Valeriano Abanador akampokonya mlinzi bunduki, kengele za kanisa zikalia, na watu wakatokea na mapanga. Wanajeshi 48 walikufa, na wenyeji pia wakafa.

Kilichofuata ni kigumu hata kukiandika. Jenerali Jacob Smith alitoa amri kwamba kila anayeweza kushika silaha auawe, alipoulizwa kuanzia umri gani akasema miaka kumi. Miaka kumi wapendwa, huyo ni mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Vijiji vya Samar vikachomwa, Balangiga ikachomwa, na baadaye Smith alipelekwa mahakama ya kijeshi, adhabu yake ikaishia kustaafishwa tu. Wanajeshi walipoondoka wakabeba kengele kama nyara, mbili zikaenda kambi ya jeshi jimboni Wyoming, ya tatu ikakaa na kikosi chenyewe mpaka ikaishia Korea Kusini.

Hapa ndipo Ezra ananigusa sana. Nebukadreza alibeba vyombo vya hekalu Yerusalemu akaviweka kwenye nyumba ya miungu yake, na Belshaza akavinywea divai kwenye karamu, unaikumbuka Danieli 5. Miaka ikapita, waliolia kwenye mito ya Babeli wakazeeka wakafa, halafu Mungu akaamsha roho ya Koreshi mfalme wa Uajemi, mtu ambaye hata siyo wa imani yao, vikatolewa vyombo 5,400 vya dhahabu na fedha, tena vimehesabiwa kimoja kimoja, visu mpaka mabakuli. Mimi napenda sana kwamba Biblia imehesabu hadi visu. Maana yake Mungu alikuwa anajua vilipo muda wote huo, hata pale Belshaza alipokuwa anavinywea.

Balangiga nao waliomba, wakaandika, maaskofu wao wakaandika, rais Fidel Ramos akaomba miaka ya tisini akakosa, sheria ya Marekani ikawekwa ya kuzuia zisirudi. Na tuwe wakweli, kule Wyoming kulikuwa na maveterani walioziona kengele zile kama kumbukumbu ya wenzao 48, na wale vijana 48 nao walikuwa na mama zao, huzuni yao tusiikanyage. Lakini wapo maveterani wengine wa Marekani waliosimama upande wa Balangiga wakasema hivi ni vyombo vya kanisa virudi kanisani, na mimi naamini roho zao ziliamshwa kama ya Koreshi. Tarehe 11 Desemba 2018 kengele zote tatu zikatua Manila, tarehe 15 zikakabidhiwa Balangiga, miaka 117 imepita, hakuna hata mmoja aliyeziona zikiondoka aliyekuwa hai kuzipokea.

Na kesho yake, tarehe 16, ndiyo inaanza ile novena yao ya misa za alfajiri kuelekea Noeli, kengele zikalia kuita watu misa. Hili ndilo nataka tulishike hasa. Sauti ya mwisho ya kengele zile pale kijijini ilikuwa ya kuanzisha mauaji, na zingeweza kabisa kufungiwa kwenye kioo watu waje wapige picha, lakini zilirudishwa kazini, kazi ileile ya 1853. Vyombo vya Ezra vilevile, havikurudi kuwa mapambo, vilirudi kwa ajili ya ibada. Kwa hiyo wewe unayejiona ulitumika vibaya, au ulitumia mikono yako vibaya, usijiwekee kioo, Bwana anayo kazi na wewe.

Na kwa anayeomba kitu muda mrefu na nywele zimeshakuwa mvi, soma Zaburi 13, "Ee Bwana, hata lini", ni sala halali kabisa, isali bila aibu. Kuna mabibi wa Balangiga waliisali wakafa bila jibu, wajukuu wa wajukuu wao ndio waliolisikia jibu kwa masikio.

Tuwaombee pia wanaongoja bado. Wapokomo wa Tana River wana ngoma yao takatifu, Ngadji, Waingereza waliichukua mwaka 1902 ikaishia stoo ya British Museum kule London, na ndugu zetu wa Songea wanaulizia mabaki ya mashujaa wa Maji Maji yaliyopelekwa Ujerumani. Hizo nazo ni nia zetu wiki hii.

Jumatano kwenye jumuiya tutasoma Ezra 1 na Zaburi 13. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka kigango chetu kabla ya kanisa la tofali aje naye tafadhali, vijana watasaidia kumleta, na kila mtu aje na jina moja la aliyemwombea zamani akafa kabla ya kuona matunda, tutayasoma majina yote kwenye sala.