Saa iliyosimama saa kumi alfajiri

Januari 1989, Moscow. Niliamka hosteli, mtaa wa Miklukho-Maklaya, dirisha jeusi kama chungu. Nikatazama mkononi: saa kumi na dakika 40. Nikajifunika tena, maana mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi.

Mwezi ule kunakucha karibu saa tatu, kwa hiyo giza la dirishani si ushahidi. Mwenzangu wa chumbani alishakwenda kwao Voronezh. Kilichonigutusha ni milango ya korido kubamizwa. Nikatazama tena: saa kumi na dakika 40 ileile.

Somo lenyewe lilikuwa sopromat, yaani uimara wa vifaa vya ujenzi, ambalo Warusi hutania kwamba ukilifaulu una ruksa ya kuoa. Mtihani ni wa mdomo: unachomoa tiketi, unajiandaa kidogo, unajieleza. Nilifika natweta, tiketi zimebaki chache. Nikapata 3 kati ya 5. Ruksa ya kuoa nikaipata, kwa shingo upande.

Mchana nikaipeleka saa kwa fundi mzee kwenye kibanda karibu na metro. Ilikuwa Poljot, saa ya Kisovieti yenye mshale wa ziada wa kupimia muda, nimeinunua kwa Mkenya aliyekuwa anamaliza chuo. Yeye alinionya: "Kaka, usiikaze sana, utakata springi." Basi kila asubuhi niliitia ufunguo mizunguko michache, kwa adabu. Na kwa kuwa nilipenda kuona ule mshale mrefu wa katikati, wa kupimia muda, ukizunguka, niliuacha ukimbie usiku na mchana.

Mzee akabandika lenzi jichoni, akafungua mfuniko. Mashine imechongwa namba 3133, kazi ya Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow, kwa mitambo iliyonunuliwa Uswisi. (Wengi huichanganya na saa ya Strela aliyovaa mwanaanga Aleksei Leonov alipotoka nje ya chombo cha angani mwaka 1965. Ile mashine yake ni nyingine, 3017.)

"Njoo uone, kijana." Akabonyeza kitufe cha juu. Kigurudumu kimoja kikasogea pembeni taratibu, meno yake yakauma meno ya gurudumu la katikati, na mshale ukaanza safari, hatua 6 kila sekunde. Akanionyesha gurudumu la balansi, lile linaloyumba huku na huku kuipa saa mapigo yake: lilikuwa linapepesuka, sasa likapepesuka kinyonge zaidi. Springi ileile moja, mzigo umeongezeka. Akausimamisha mshale, kisha akabonyeza kitufe cha chini. Nyundo ndogo ikaangukia vipande viwili vyenye umbo la moyo, kimoja cha mshale mkubwa, kingine cha kihesabio cha dakika 30, na mishale yote miwili ikarudi sifuri kwa mpigo mmoja. Nilimwomba arudie. Akarudia mara tatu, bila kununa.

"Unaipa chakula nusu, halafu unaitwisha gunia," akasema.

Akaanza kuizungusha. Nikahesabu hadi ishirini, nikaingiwa na hofu, yeye anaendelea tu, mpaka kizungushio kikagoma chenyewe. "Hapo. Kila siku, saa ileile. Itakwenda zaidi ya siku moja na nusu. Na mshale huu ni wa kupimia, si wa kutazama."

Hela hakutaka. Kituoni nikabonyeza kitufe cha juu, nikapima nilivyolisubiri basi: dakika 11 na sekunde 20. Nikausimamisha mshale, nikaurudisha, nikapanda.