Benchi la kuvutia waya wa fedha: 0.80 imekubali kuwa duara

Waya umetoka sawa. Mikromita inasoma 0.80 mm, ukiuzungusha robo mzunguko inasoma 0.80 ile ile, na hivyo hivyo kutoka ncha hadi ncha. Kwa kazi ya mkufu wa pete ndogo hilo ni jambo kubwa: waya uliobonyea hutoa pete zisizolingana, midomo ya pete haikutani, na lehemu inakimbilia upande mmoja.

Fedha ni 925, yaani sehemu 925 kwa 1000 ni fedha tupu. Fimbo imeanza 2.00 mm, ikashushwa tundu kwa tundu kwenye bamba la chuma lenye matundu yanayozidi kuwa madogo. Ilipofika 1.40 ililainishwa kwa moto, kisha tena kwenye 1.00. Hesabu ni ya eneo, si ya kipenyo: 2.00 hadi 1.40 imeshapoteza nusu ya eneo lake la mkato, na hapo ndipo fedha inapoanza kugoma. Sentimita 10 za 2.00 zinakuwa 62.5 zikifika 0.80, kwa hiyo benchi fupi linakulazimisha kuhamisha koleo katikati ya safari, na kila ulipoliachia panabaki alama.

Sasa ule ugomvi wenyewe. Tundu la 0.80 lilikuwa linatoa waya wa 0.79 kwa 0.83, tena unaojikunja kama mkia wa kinyonga mara tu unapotoka. Mtu wa kwanza kushukiwa ni bamba: bamba la chuma cha kawaida hulika, tundu likapanuka upande mmoja. Kipimo chake ni rahisi. Geuza bamba robo mzunguko, lililolala lisimame, vuta tena. Kama tundu ndilo lililolika, ule ubapa utageuka pamoja na bamba. Haukugeuka. Ulibaki juu-chini vile vile, na matundu ya jirani nayo yalitoa ubapa wa upande huo huo. Basi bamba halina kosa, kosa ni la mahali lilipoegemea.

Bamba linaegemea vyuma viwili vya L vilivyochomelewa kwenye benchi. Chini, pale kwenye kona, fundi wa kuchomelea aliacha uvimbe wa chuma, na bamba likawa limeinama mbele kidogo. Kwa jicho huoni kitu. Ukiweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, mwanga unapita. Juu ya hapo, mstari wa mvuto ulikuwa chini ya tundu, kwa sababu bamba lina safu kadhaa za matundu na kila safu ina kimo chake, wakati koleo linakwenda kwa kimo kimoja tu. Waya ukitoka kwenye tundu halafu ukavutwa kwenda chini, unapinda kwenye ukingo wa tundu huku umekazwa, na hapo ndipo unapobonyea na kujikunja.

Tiba: uvimbe umeliwa na tupa mpaka guni likakaa bila mwanga. Upande wa kushoto ulibaki na uwazi mdogo, ukazibwa na kipande cha kopo la soda, ambalo bati lake ni kama 0.1 mm. Chini ya bamba zimewekwa bolti mbili zenye nati, ili kila safu ipandishwe au ishushwe mpaka tundu linalotumika likae kwenye mstari. Kupanga hakuhitaji vipimo vya ajabu. Pitisha uzi mwembamba wa cherehani kutoka kwenye koleo, kupitia tundu, hadi kwenye msumari ulio nyuma kwa kimo hicho hicho, ukaze, kisha utazame kwa kioo cha kukuzia. Uzi usiguse ukingo wowote. Ukigusa, fungua nati robo mzunguko, tazama tena.

Na mruko wa 0.90 hadi 0.80 kwa tundu moja umeachwa. Huo unaondoa asilimia 21 ya eneo kwa mvuto mmoja. Kupitia 0.85 ni kama asilimia 11 kila mara, na uso unatoka laini zaidi.

Mkanda wa winchi nao umetupwa. Mkanda unanyumbuka kwanza, ndipo waya unaruka, na kila mruko unaacha pete ya mkwaruzo. Cheni ya baiskeli inavuta kwa mwendo mmoja. Kilainishi ni nta ya nyuki, tena kidogo. Ioshwe kwa sabuni kabla ya moto, la sivyo inaungua na kuacha masizi. Kuhifadhi bamba ni mambo mengine: hewa ya bahari hapa Mji Mkongwe haina huruma na chuma, na punje moja ya kutu ndani ya tundu inachora waya mzima. Mafuta ya cherehani, na kitambaa.

Moto: 925 hulainika vizuri kama 650°C, wekundu hafifu ambao mchana huuoni kabisa. Fanya kazi kizani, na uzime kwenye maji wekundu ukishapotea. Ukiyeyusha reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya zamani iliyoandikwa 1780, kumbuka ile ni 833. Shaba yake ni nyingi, inakakamaa upesi, na inaanza kuyeyuka 779°C, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Binafsi nisingeiyeyusha, ikibaki sarafu ni nzuri zaidi.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuzungusha pete za mkufu. Imeahirishwa, ili kwanza ule waya mbovu wa 0.79 kwa 0.83 upate kazi nyingine. Ukishushwa hadi 0.40 kwenye bamba lililonyooka unarudi duara wenyewe. Nyuzi mbili za waya huo zimefungwa kwenye jiliwa upande mmoja na drili ya mkono upande mwingine, zikasokotwa, zikalainishwa, zikasokotwa tena mpaka zikaribie kujikunja. Sasa zinapitishwa kwenye roli taratibu ziwe bapa. Ukingo unaotoka una vishanga vidogo mfululizo, na roli ikibana kupita kiasi vishanga vinapotea, kwa hiyo kesho ni kutafuta kiwango cha kubana.