Siku moja maishani mwangu: dereva wa abiria, Taif

Saa 10 alfajiri niko macho. Maji katoni mbili, barafu, mafuta, upepo wa matairi. Nyumbani Mombasa wakisikia una kazi ya udereva Saudia wanadhani unalalia riyali. Mshahara wangu ni wa mwezi, haujui kilomita.

Saa 11 na nusu nawachukua abiria hotelini. Watu tisa, Wakenya na Watanzania, wamemaliza Umra na wamepanda Taif kubadilisha hewa. Shikamoo mama, shikamoo mzee, mikanda tafadhali. Kilomita 250 hivi za lami hadi Al Wahbah. Wao wanalala, mimi nakodoa macho, maana ngamia hasomi alama za barabarani.

Saa 3 asubuhi tumefika. Mgeni hutafuta mlima asiuone. Ni jangwa tambarare la mawe meusi, kisha ghafla ardhi imekatika: shimo la upana wa kilomita mbili na kina cha mita 250, chini kabisa sakafu nyeupe ya chumvi. Nikawaeleza kuwa zamani wapo waliodhani kimondo kilianguka hapa. Wanajiolojia wanasema ni volkano: mwamba ulioyeyuka ulipanda ukakutana na maji ya chini ya ardhi, mvuke ukalipua kila kilichokuwa juu. Wenyeji nao husimulia kwamba mlima ulimpenda mlima mwenzake, ukang'oka kumfuata, na pengo ndilo hili. Bi mkubwa mmoja akacheka: "Hata milima, mwanangu!"

Ikanywewa chai, zikapigwa picha. Saa 4 tuondoke.

Sasa kulikuwa na kaka mmoja mwenye fimbo ya kujipigia picha na ndara za hotelini. Anataka kushuka hadi chini. Nikamwambia: kushuka ni dakika arobaini na tano kwa mwenye viatu, kupanda ni zaidi ya saa nzima, na kule chini hakuna kivuli hata cha kuku. "Dereva, kazi yako ni usukani," akanijibu, akateremka na chupa moja ndogo ya maji.

Sikumbishia. Nilikaa ukingoni nikimtazama. Akaipita mitende iliyoota ubavuni mwa shimo, akawa nukta, nukta ikaingia kwenye weupe. Nilimpigia kelele asiende katikati, kwa sababu lile gamba la chumvi chini yake kuna tope, lakini sauti haifiki. Wazee ndani ya basi wakaanza kuulizia adhuhuri. Mafuta yanaungua kwa ajili ya kiyoyozi, na mafuta hayo nitaulizwa mimi. Baadaye nukta ikaanza kurudi, ikapanda kidogo, ikakaa. Ikapanda tena, ikakaa. Mara ya tatu haikuinuka.

Nikamwachia mzee mmoja nambari ya dharura, 911, nikabeba chupa nne nikashuka. Nilimkuta karibu na mitende, midomo imekauka, ndara moja imekatika, tope hadi magotini. Ule usukani hakuutaja tena. Maji kidogo kidogo, kitambaa chenye maji kichwani, kilemba changu nikamfunga mguuni, tukapanda hatua kumi, tukapumzika, hatua kumi. Kokoto zile zinateleza, na mwenzangu ana mwili. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika juu. Najua magoti yangu yalikuwa yakitetemeka kwenye klachi, na bado kilomita zote zile zilikuwa mbele yangu.

Njiani akaamka mara moja tu, akauliza kama naweza kuongeza baridi. Bi mkubwa akamgeukia: "Wewe nyamaza, umwache mwenzio aendeshe."

Taif tumeingia usiku. Kafili, yaani mwajiri wangu, alikuwa ameshatuma ujumbe: kwa nini umechelewa saa tano? Nikamwandikia kwamba abiria wote tisa wamefika wazima. Jibu lake lilikuwa safari inayofuata: uwanja wa ndege wa Jeddah, nitoke saa 9 usiku.